Nilivyonunua Kibao cha Kusomea

Kwa miaka zaidi ya kumi, kila Alhamisi mchana, wanawake wa kitongoji chetu hapa Issenye wamekuwa wakikusanyika uani kwangu. Kila mtu huja na kazi yake: huyu anapukuchua mahindi, yule anachambua maharage, mwingine anasuka kikapu. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kuwasomea. Nilifika kidato cha nne, na mume wangu hupenda kuwaambia watu kwamba alioa mdomo. Niliwasomea hadithi za mapenzi, za wachawi, za mashujaa, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, kama kilikuwa na habari nzuri.

Halafu macho yakaanza kunisaliti. Mwanzoni nilisogeza kitabu mbali, kisha karibu, kisha nikatoka kivulini nikakaa juani. Nilibadilisha miwani mara mbili. Daktari wa macho akanieleza kwa upole kwamba ugonjwa uko ndani kabisa ya jicho, miwani haiwezi kuufuata huko. Herufi kubwa nitaziona, akasema, ndogo nisihangaike nazo. Alhamisi moja niliruka mistari miwili bila kujua, mtu aliyekwisha kufa hadithini akaanza kuongea, na wanawake wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Kesho yake nilivitia vitabu vyangu kwenye mfuko wa mbolea nikavipandisha darini.

Wanawake hawakuacha kuja, ila mazungumzo yakawa ya magonjwa na ya nani kamwacha nani. Aliyeumia kuliko wote ni jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mjane wa rika langu. Siku zote alikuwa akituambia hajui kusoma, lakini hadithi zote alizikumbuka mpaka majina ya mbwa.

Binti yangu anafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya watalii karibu na lango la hifadhi la Ikoma. Alipokuja likizo alinikuta nimekaa tu.

"Mama," akasema, "kuna mgeni alikaa kwetu wiki nzima, bibi mzee kuliko wewe. Alikuwa na kifaa cha kusomea vitabu, kama kibao cha shule. Herufi anazikuza anavyotaka. Ukurasa mzima una mistari sita."

"Simu yako pia inakuza," nikamjibu. "Nimejaribu. Mwanga wake unanitoa machozi."

"Hicho hakiwaki hivyo. Kinafanana na karatasi. Jua likiwa kali ndiyo kinaonekana vizuri zaidi."

Baba yake alikuwa mlangoni akinoa panga. Nilikuwa nimeuza dume langu la ng'ombe, na tulishakubaliana tununue mtamba.

"Mtamba atazaa," akasema bila kuinua kichwa. "Hicho kibao kitazaa nini?"

Siku nne nilizunguka na swali lake. Nikienda kisimani niko upande wa mtamba. Nikirudi niko upande wa kibao. Mwisho nikamwambia kwamba nakwenda Tarime, ambako binti alisikia vinauzwa, kukiona tu, na sitanunua kitu kabla ya kumpigia simu. Akaguna. Kwa mume wangu, kuguna ni ruhusa.

Tulipanda basi la asubuhi, mimi na binti. Pale mtaa wa Bomani kuna fundi wa simu, Mwislamu aliyehamia kutoka Tanga, mtu mzima mwenye kofia safi na maneno laini. Alikuwa nacho kimoja, kilichotumika. Aliyemuuzia ni mfanyakazi mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao.

"Shikamoo mama. Jaribu kwanza," akasema. "Usipokipenda, tutaagana vizuri."

Binti alikuwa na hadithi ndani ya simu yake, aliyoiandika mwalimu mmoja wa sekondari yetu na kutupatia kwa hiari. Fundi akaihamishia kwenye kibao, akanipa. Nikatazama. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Nikabonyeza, nikavuta kwa vidole. Ukurasa ukapanuka ukatoka nje ya kioo, nikawa naona nusu ya kila neno. Nilimrudishia, nikashika mkoba wangu. Nilikuwa tayari namwona yule mtamba.

"Subiri kidogo, mama," fundi akasema. "Kosa si la macho yako. Faili hili limefungwa kama picha, ndiyo maana maneno hayajipangi. Hebu nilibadilishe."

Akakaa kwenye kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, kisha akanipa tena kibao na kunionyesha pa kugusa. Nikagusa. Herufi zikakua, na maneno yakashuka mstari yenyewe yakajipanga. Nikagusa tena. Tena. Zikawa nene, nyeusi, kila moja imesimama peke yake.

Nikatoka kwenye baraza, kwenye jua la saa sita. Nilianza kimoyomoyo, lakini mimi si mtu wa kusoma kimoyomoyo. Sauti ikatoka yenyewe. Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyegombea shamba lake mahakamani bila wakili. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipoinua kichwa kupumua, mwanamke aliyekuwa akisubiri simu yake itengenezwe akanikemea: "Sasa unasimama nini? Hakimu kasemaje?"

Nilikuwa nalia. Nikampigia mume wangu.

"Nimesoma," nikamwambia.

"Umesoma kiasi gani?"

"Kurasa tatu."

"Bila kuruka?"

"Bila kuruka hata neno."

"Sasa kama umesoma, unanipigia simu ya nini? Kichukue urudi, basi lisikuache."

Alhamisi iliyofuata uani kulijaa. Mmoja alikigeuza kibao kutafuta kurasa nyingine zilikojificha. Nikawasomea kesi ya yule mwanamke tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakimu aliposoma hukumu na kumrudishia shamba, mahindi yaliachwa, watu wakasimama, vigelegele vikapigwa kana kwamba shamba ni letu sote.

Katika zile kelele nikamwona jirani yangu mjane amejongea karibu, anakikodolea macho kibao kilichokuwa mapajani mwangu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hii ni *sha*," akasema polepole. "Hii *mba*. Shamba."

Nikamgeukia.

"Si ulisema hujui kusoma?"

"Nilifika darasa la nne," akasema huku anaangalia chini. "Nilikuwa sioni ubaoni. Mwalimu akasema mimi ni mzito, nami nikaamini. Nikaacha."

Nikampa kibao. Akakishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akausoma mstari wa mwisho wa hadithi, neno moja moja, jasho likimtoka kwenye paji la uso kama mtu anayepanda kilima. Alikwama mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika kwenye nukta akaitamka nayo: "Nukta!"

Tulimnyanyua. Nasema kweli, wanawake watatu tulimwinua juu, na maharage ya watu yakamwagika uani. Mume wangu alitoka nyuma ya nyumba kuangalia kulikoni, akamkuta mjane wa miaka sitini na miwili akiwa hewani anacheka kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu azike mumewe.

Siku hizi ukurasa wa kwanza wa kila Alhamisi ni wake. Anausoma taratibu sana, na wenye haraka wameambiwa waende nyumbani. Hakuna aliyekwenda.