Miaka Sita Niliyokatwa

Mdogo wangu ananizidi miaka mitatu. Si utani. Kwa karatasi za serikali yeye ana arobaini na nne, mimi arobaini na moja, ingawa nilimbeba mgongoni na kumfuta kamasi. Naandika haya Mbamba Bay, katika chumba cha kupanga karibu na ziwa, kwa sababu sitaki kupanda milima ya Mbinga nimkute amekaa barazani kwa baba.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu siku mtafuta wachezaji mmoja aliposhuka kwenye basi, akaja kututazama. Uwanja wetu uliinama kuelekea mtoni, na mshambuliaji aliyezoea kufunga akipandisha mlima haogopi beki wa tambarare. Nilifunga mawili. Akaniita pembeni.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na tatu, mzee."

"Basi wewe ni marehemu. Mimi natafuta wa kumi na saba."

Baba alikuwa amesimama karibu, kofia mkononi. Wiki iliyofuata alikwenda naye kwa wakili mjini, akaapa kwamba nilizaliwa miaka sita baadaye. Mtu aliyepokea komunyo kila Jumapili! Hakuniuliza, nami sikukataa. Tangu utotoni, kila nilipomfuata mama kwao ziwani, niliitazama milima ya Malawi ng'ambo nikaionea wivu kwa kuwa iko kwingine.

Nikacheza Dar es Salaam, Zambia, Msumbiji, Vietnam, Oman. Vietnam waliniletea keki yenye mishumaa ishirini na minne. Nilikuwa na thelathini. Niliizima kwa pumzi moja, wakapiga makofi. Oman goti la kulia lilianza kujaa maji. Daktari wa timu aliitazama picha akasema, "Miaka thelathini na miwili? Hili ni goti la babu." Kocha akaamua kwamba mimi ni mvivu, tena mlevi, na pombe sijawahi kuionja. Ningeweza kumwambia kwamba nina thelathini na minane na ninakimbia kuliko vijana wake. Nilimeza. Nikaachwa benchi, kisha nikaachwa kabisa, nikatafuta timu ndogo zaidi katika nchi nyingine.

Baba alipofariki nilirudi. Alikuwa ameacha neno mbele ya ukoo: mtoto wa kwanza abaki na nyumba, makaburi na kahawa ya nyuma ya nyumba, mengine tugawane. Kahawa sikuitaka, hata kuipogolea sijui. Nilitaka kuwa mtoto wa kwanza wa mtu yule, mahali pekee duniani ambapo sikuwa mgeni.

Kikao cha ukoo kilikaa uani. Baba mdogo, mwenyekiti wetu, alisema mahakama inataka warithi waandikwe kwa kufuata umri, na vitambulisho viambatanishwe. Mdogo wangu akaweka chake mezani, halafu akakiweka changu chini ya chake, taratibu, kama mtu anayepanga karata.

"Kuna mtu hajanisalimia leo," alisema. "Shikamoo yangu iko wapi, mdogo wangu?"

Walicheka. Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Nilisimama.

"Wewe nilikufundisha kufunga kamba za viatu!"

"Ukaondoka, ukaniachia shamba. Nani amechimba mashimo ya ngoro ya kushika maji na udongo kwenye mteremko ule miaka yote hii, tukapata mahindi? Nani alimbeba baba kwenda hospitali? Ukubwa wako ulikuwa unacheza mpira Oman."

Mama aliingia ndani, akatoka na kadi yangu ya ubatizo. Imefifia, lakini mwaka unasomeka.

"Niliyezaa ni mimi," alisema. "Huyu alitangulia."

"Shemeji, hapa wote tunajua," baba mdogo alijibu. "Mahakama ndiyo haijui. Lakini kadi itasaidia. Mwanangu, ipeleke, uape kwamba zile karatasi zilikuwa za uongo, wazirekebishe."

"Na pasi yake ya kusafiria watamwachia?" mdogo wangu aliuliza.

Hapo ndipo aliponishika. Wiki ile ile nilikuwa nimeitwa Oman kufundisha washambuliaji, na mwaka wa uongo ndio uliokuwa kwenye pasi. Kuapa maana yake ni kuisalimisha, kujieleza uhamiaji, na kusema kwa kinywa changu kwamba baba, ambaye udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi, aliapa uongo. Wote wakanitazama. Mdogo wangu alitazama miti ya kahawa, kana kwamba jibu analo.

"Andikeni hivyo hivyo," nilisema.

Nilitia saini mstari wa pili, chini yake.

"Polepole," alinong'ona, "utatoboa karatasi."

Mama aliichukua kadi, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Basi hii nitazikwa nayo."

Nilimkasirikia hata yeye, kwa kuitunza vizuri namna ile.

Kazi ya Oman ilidumu msimu mmoja. Namlaani aliyeshuka kwenye basi, na baba namsamehe asubuhi, jioni namlaumu tena. Lakini mdogo wangu ndiye ninayeshindwa kumwangalia usoni, kwa sababu alijua nitachagua nini kabla mimi mwenyewe sijajua.