Kiatu cha Kulia

Aliileta barua ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa uzi wa katani. Nilikuwa nasahihisha madaftari katika ofisi ya walimu, shule moja ya msingi pale Mogitu, nikamwona kupitia mlangoni mzee mrefu mwenye shuka akivuka uwanja polepole. Nilisimama nikamwamkia. Aliitikia, akaegemeza fimbo yake ukutani kwa nje, kisha akaingia bila hiyo fimbo, akishika ukingo wa kabati, ukingo wa meza, mpaka akakifikia kiti.

Ile fimbo niliiona, lakini sikuitilia maanani. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba kesi yake yote ilikuwa imeegemea pale ukutani.

Alikuwa mfugaji wa Getanuwas, na kabla ya hapo askari. Katika vita vya Kagera lori lao lilipinduka kwenye tope, sanduku la risasi likamwangukia kifundo cha mguu wa kulia. Walimfunga plasta, akarudi nyumbani, akafuga. Miaka ilivyokwenda kifundo kilizidi kukaza, mpaka binti yake akamshawishi aombe pensheni ya ulemavu. Aliomba, akaitwa mbele ya bodi ya madaktari, akakataliwa. Barua ya kukataliwa ndiyo ile iliyokuwa kwenye mfuko wa sukari.

Alikuja kwangu kwa sababu alisikia mwalimu mpya ametoka Tlawi, kule milimani kwetu. Babu zake na babu zangu waliwahi kunyang'anyana ng'ombe, kwa hiyo utani ulikuwepo kabla hatujajuana.

“Ninyi mlikimbilia milimani mkajifunza kusoma,” aliniambia. “Haya, mwalimu, nisomee.”

Nilimsomea. Barua ilikuwa fupi. Ilisema bodi imeona mwombaji anatembea wima, bila msaada wa kifaa chochote, na mwenyewe amekana kuwa na maumivu. Kwa hiyo ulemavu haukuthibitika. Chini kabisa ilisema anaweza kukata rufaa.

Nikamwomba anieleze siku ile ya bodi, hatua kwa hatua. Alieleza bila kuona aibu, kwa sababu hakuona kosa. Fimbo aliiacha mlangoni. Kwao mtu haingii na fimbo mahali walipoketi wakubwa, labda awe na ugomvi. Kisha aliingia kama askari anavyoingia mbele ya ofisa, kifua mbele, akasimama amekakamaa hadi alipoambiwa aketi. Daktari akamwuliza kama mguu unamuuma. Akajibu hapana.

Nilimwuliza kwa nini alijibu hapana. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini amevaa nguo. Mwanamume aliyekatwa jandoni mbele ya rika lake bila kupepesa jicho hawezi kwenda kumwambia mtu asiyemjua, tena mdogo kwake, kwamba kifundo kinauma.

Ndipo akaniambia kilichomleta hasa. Ndugu zake walikuwa wameketi wakaamua: barua ikibaki ilivyo, ng'ombe wake watagawanywa, na yeye atahamia Babati kwa binti yake, kwenye chumba cha kupanga. Mguu haukuweza tena kufuata mifugo, na hakuwa na uwezo wa kumweka mchungaji. Pensheni ingemwezesha kumweka. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza njia aliyopita. Lakini alipomaliza aliniuliza kama katika chumba cha Babati kuna mahali pa kusimamisha hata mbuzi.

Tulianza kuandika Jumamosi. Mimi mwenyewe nilidhani barua nzuri ni ile inayomliza anayeisoma, kwa hiyo nilimwacha aseme. Alisema kurasa tatu, zote za wenzake: aliyembeba, aliyempa maji, aliyebaki huko. Habari zake mwenyewe zilijaa mstari mmoja. Usiku ule nilipozirudia nikaona kwamba mtu wa bodi angezisoma kwa heshima, kisha akarudi kwenye sentensi ile ile: anatembea bila msaada.

Wiki iliyofuata nikamweleza, na ninalieleza hapa pia kwa sababu limenisaidia kuwasaidia wengine. “Mzee, rufaa si malalamiko. Ni jibu. Wao wamesema jambo moja, na sisi tujibu jambo hilo hilo.”

Alifikiri kidogo. “Kwa hiyo tusipige risasi hewani.”

“Ndiyo, mzee.”

Alinielewa upesi kuliko darasa langu la saba. Nikamwambia aache vita kwanza, anieleze asubuhi yake. Hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia. Alijua mguu wake kama alivyojua mifugo yake, mmoja mmoja. Asubuhi kifundo hakikunjiki mpaka jua lipate nguvu. Kwenye barabara tambarare anakwenda; kwenye shamba lililolimwa hawezi, maana kifundo ndicho kinachoijua ardhi yenye mabonde, na chake kilikuwa kimesahau. Kutoka nyumbani hadi kwenye josho zamani alikwenda na kurudi kabla ya chai. Sasa anapumzika mara tatu, na akanitajia mahali: jiwe jeupe, kisiki, kichuguu. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amemwambia mtu. Nilipomwuliza fimbo anaitumia lini, alinijibu kwamba kila mahali, isipokuwa mbele ya watu. Nikageuka nikaitazama ile fimbo nje ya mlango, na nikaielewa barua ya bodi.

Mkoa wetu ulikuwa umetengwa na Arusha siku si nyingi, na karatasi nyingine za mzee zilikuwa bado huko. Tulichokuwa nacho ni cheti kimoja cha hospitali ya jeshi, kimegeuka rangi ya chai, alichokihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Tulikwenda nacho Katesh kukitolea nakala, kwenye duka lenye mashine iliyotegemea jenereta. Tukiwa tunasubiri jenereta iwashwe, fundi wa katambuga aliyekaa kwenye kibaraza cha duka hilo, amezungukwa na vipande vya matairi, alimwamkia mzee kisha akaniuliza kama nimemleta kununua kiatu chake.

“Kiatu chake kipi?” nikauliza.

“Cha kulia. Huyu mzee hanunui jozi. Huja kwa kimoja tu. Cha kushoto nilimtengenezea zamani, bado kipya.”

Mzee alicheka, akasema fundi huyo angekuwa mfanyabiashara mzuri angemkatalia. Fundi akajibu kwamba watu wote wa Getanuwas wangekuwa na mguu kama ule angekuwa na nyumba ya bati. Mimi nilikuwa nimekwisha inama kutazama. Katambuga ya kushoto ilikuwa na meno ya tairi wazi kabisa. Ya kulia ilikuwa imelika upande wa nje mpaka nyuzi zinaonekana, nayo ilikuwa na miezi minne. Nilimwomba fundi aeleze hayo kwa maandishi. Alisema kuandika hakujui sana, basi akasema, nikaandika, akasaini kwa kidole gumba chenye gundi.

Tuliituma rufaa pamoja na karatasi hizo. Baada ya muda mrefu akaitwa tena.

Kabla ya kwenda, tulikuwa na ugomvi wetu wa pekee. Nilimwomba aingie na fimbo na aseme mguu unauma. Alikataa yote mawili. Sikumlaumu, nilikuwa namwomba awe mtu mwingine ili aaminiwe. Nikafikiri siku mbili, kisha nikamwambia hivi: maumivu ni yako, usiyataje. Lakini bodi imekuita ili ikague hali ya mguu, na askari akikaguliwa huonyesha vifaa vyake vyote, hata vilivyoharibika. Fimbo ni kifaa. Kiatu ni kifaa.

Alifunga shuka lake vizuri, akaenda zake.

Siku ya bodi niliruhusiwa kuingia kama msindikizaji wake. Mlangoni alisimama kidogo, na mkono wake ukaenda ukutani kama kawaida. Kisha akaurudisha. Akawaomba radhi waliokaa, akasema anaingia na fimbo wala hana ugomvi na mtu, na akaingia akiiegemea, akikanyaga kwa upande kama alivyokanyaga akielekea kwenye josho. Mwenyekiti wa bodi, mwanamama wa makamo, alimwamkia shikamoo, akamwuliza kama mguu unamuuma.

“Hapana,” akasema.

Yule mama akaanza kuandika. Mzee akangoja kalamu isimame.

“Kuuma si neno, binti yangu. Lakini zamani nilikuwa nawangoja ng'ombe. Sasa ng'ombe wananingoja mimi, na ng'ombe hawajui kungoja.”

Kisha akaomba ruhusa ya kuvua viatu, akaviweka sakafuni sambamba, soli juu. Mama yule aliinuka kwenye kiti chake, akachuchumaa kuvitazama. Akakishika kifundo kwa mikono yote miwili na kujaribu kukikunja, polepole, mara kadhaa. Mzee alikuwa anatazama dirishani. Uso wake haukubadilika hata kidogo, ila jasho lilimtoka kwenye paji. Yule mama aliliona. Akarudi kuandika, na safari hii aliandika sana.

Mvua zilianza na kwisha kabla jibu halijafika. Nilikuwa ofisini, nasahihisha madaftari kama kawaida yangu, nikasikia sakafu ya saruji inagongwa. Mzee aliingia na fimbo mkononi mpaka mezani kwangu, akaketi, akailaza mapajani. Tangu tujuane haikuwahi kuvuka mlango wangu.

Nilimwamkia. Nikamwuliza kama kuna ugomvi.

“Upo,” akasema. “Ndugu zangu walikuwa wamekwisha chagua ng'ombe wao. Sasa itabidi wawaache.” Akatoa mfuko wa sukari, ndani yake barua mpya ya bodi.