Fundi Aliyeongeza Turbo

Fundi huyu huongea na injini zaidi kuliko na watu, na hafungui boneti kabla ya kupangusa mikono, hata ikiwa safi. Lori hili la shemeji yake linalisha nyumba mbili. Mwezi uliopita yeye mwenyewe aliongeza nguvu ya turbo inayosukuma hewa ndani ya injini, lakini gasketi ya hedi, inayoziba shinikizo hilo lisivuje, akaiacha ileile ya kiwandani, akatamba: “Sasa litapanda mlima kama linafukuzwa na mbwa!” Jana gasketi iliungulia mlimani. Leo anawasha injini. Rejeta inatoa mapovu ya moshi, na maji yanachuruzika kutoka kwenye ufa ubavuni mwa bloku, mwili wenyewe wa injini; haitengenezeki tena.

“Shemeji, si ulisema injini itahimili?” mwenye lori anamuuliza.

“Nilisema.”

“Basi sema tena.”

Fundi anazima injini, anamrudishia ufunguo bila kumtazama. Shemeji anaupokea, kisha anabaki amenyoosha kiganja, kama mtu ambaye bado hajapewa kitu.