Modemu Imefurika, Mama Apunguze Majina

Jumanne nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya vibali hapa Bwera, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, ambako kompyuta bado inatuma fomu kwa modemu ya laini ya simu. Mbele yangu alikuwa mama mchuuzi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Fomu yake iligoma mara tatu. Kioo kikaandika kwamba data imefurika.

"Majina yako ni mingi. Punguza," karani akamwambia bila kuinua macho.

Mama akainua vidole vitatu. "Hii ni ya baba, hii ya babu, hii ya ubatizo. Nitoe gani?"

Karani akafuta la baba. Data ikafurika vilevile.

Fundi alipokuja alicheka tu. Kompyuta ilikuwa ikimwaga data haraka kuliko modemu inavyoweza kupokea. Akapunguza kasi ya kutuma, fomu ikaenda.

"Sasa rudisha baba yangu," mama akasema. "Kule mpakani wanalinganisha na kitambulisho."

"Imeshaenda. Mwingine!"

Hasira haijanitoka hadi leo. Modemu kuukuu ilivumiliwa, ikapunguziwa kasi. Mama akapunguziwa baba.