Mwanangu Amewaambia Wakwe Zake Kwamba Mimi Nilishakufa

Admin, nifichie jina langu. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini sitaki hata kulisikia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, Mkongomani wa Uvira, mjane. Naishi Macquarie Fields hapa Sydney na kazi yangu ni kutunza wazee. Nina mtoto mmoja tu wa kiume. Tulipokimbia vita nilimbeba mgongoni mpaka kambini Tanzania, akakulia huko. Alisoma Melbourne, akaoa huko binti wa Kihindi, akaniambia wamesaini tu, sherehe itakuja. Sherehe haikuja. Mwaka huu wamehamia Toongabbie na mtoto mchanga wa kike. Akanipigia: "Mama, tumempa jina lako. Homonyme yako huyo." Nililia kwa furaha, nikatangaza mpaka kanisani.

Jumamosi iliyopita walinialika tutembee kwa gari yao mpaka hekalu la zamani la Wahindi, huko kusini njia ya Wollongong. Mimi ni mlokole, lakini mjukuu ni mjukuu. Asubuhi mwanangu alipiga tena. "Mama, mbele yao nitakuita tantine. Usiulize, please, nitakueleza." Tantine kwetu ni mama mdogo. Sikuuliza. Sisi tuliopita kambini tunajua: kwenye kesi za ukimbizi mtoto anaweza kuwa ameandikwa mpwa, na mpwa akaandikwa mtoto. Nikadhani ni mambo hayo, nikafunga mdomo wangu.

Ndiyo siku ya kwanza nilimwona mke wake. Alinikumbatia kwa nguvu. Mama yake, ambaye amekuja kuwasaidia kulea, alikaa nyuma na mimi, kiti cha mtoto kikiwa katikati yetu, na njia nzima alikuwa akinishika mkono na kuniangalia kwa huruma. Nikasema moyoni, huyu mama ana upendo.

Tulivua viatu tukaingia, tukaketi sakafuni, nikampakata wajina wangu. Kumbe ilikuwa siku yao ya kuwakumbuka waliokufa. Kuhani akauliza majina ya marehemu wa familia. Mama mkwe akataja la baba yake. Mwanangu akataja la baba yake, mume wangu, ambaye kweli alikufa. Halafu akataja langu. Kuhani akalirudia, akamwaga maji. Mama mkwe akanikumbatia huku analia, akaniambia kwa Kiingereza, "Dada yako ametuachia jina zuri." Kiingereza cha kazini nakisikia vizuri. Nilimwangalia mwanangu, yeye akaangalia chini.

Baada ya chakula nikamvuta pembeni, kule magari yalikoegeshwa.

"Nimekufa lini?" nikamuuliza.

"Mama, usipige kelele. Walipouliza habari za wazazi wangu ningesema nini? Baba wa mke wangu ni daktari. Wewe unaongea kwa nguvu, unakula na mikono, kila neno ni Yesu. Nikasema ulikufa ukinibeba kutoka vitani, tantine ndiye aliyenilea. Ilitoka tu."

Kumbeba nilimbeba. Kufa ndiyo sikufa. Na hiyo mikono, dakika chache kabla mama mkwe wake alikuwa akila wali na dengu kwa vidole vyake vitano, tena akinisogezea na mimi.

"Waambie wewe, au nitawaambia mimi."

"Ukisema, ndoa imekwisha na mtoto hutamwona tena. Fikiria, Mama. Ukiwa umekufa wanakupenda sana. Ukiwa hai, sijui."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayenieleza bei ya kitu dukani. Uchungu wa siku niliyomzaa haukufika hapo. Tukarudi kwenye gari, mama mkwe akaniuliza kama nimechoka, nikasema kidogo. Wakanishusha nyumbani kwangu, na najichukia kwa kutowaambia ukweli.

Jana ametuma ujumbe. Eti wakwe wanataka picha ya marehemu, waitundike sebuleni na kuivalisha shada la maua, kwao ndiyo heshima. "Tuma ile ya harusi yako, Mama. Ya sasa hapana."

Picha hiyo iko hapa mezani. Nikiituma, nitampakata mjukuu wangu kila Jumamosi. Naye atakua, ataoneshwa ukutani bibi yake aliyekufa, na mimi nitakuwa nimekaa chini ya hiyo picha nakunywa chai, naitwa tantine. Nikikataa, namkosa mtoto pekee aliyebeba jina langu, na pengine namvunjia nyumba mke wa mwanangu, asiye na kosa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mimi akili imegota. Nitume hiyo picha, au niende Toongabbie mwenyewe nikapige hodi?