Kinanda Nilichonunua Kwa Kidole Kimoja

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya kama vile ilikuwa jana. Kwa hivyo weka hiyo simu chini. Tangu asubuhi unanionyesha picha za hicho kinanda, mara kiko mezani, mara kimewashwa taa, mara ni vile vifundo vyake vya kuzungusha peke yake. Nikakuuliza, "Mwende, kinalia aje?" Ukaniambia, "Mum, ni analogi, sauti yake inatoka kwa umeme wenyewe, si kompyuta. Analogi zote zinalia poa." Ati zote. Mimi mama yako nimepiga kinanda kanisani miaka mingi kuliko umri wako, na sijaona viwili vinavyolia sawa. Na huyo muuzaji anakaa Nkoroi, si ng'ambo. Kutoka hapa Kitengela ni safari ya asubuhi moja, lakini wewe unataka kumtumia akiba yako yote kesho bila kukigusa. Nisikilize kwanza. Halafu ufanye unavyotaka, maana najua utafanya tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, tukiishi Kajiado. Kwaya yetu ilianzishwa na Mama Wairimu, mama mmoja wa kutoka Nyeri aliyekuwa na duka la nguo pale sokoni. Yeye ndiye alinifundisha kupiga, kwa kinanda kidogo cha kuazima ambacho tulikuwa tunakirudisha kila Jumapili jioni. Alikuwa ametunga wimbo mmoja wa sauti nne, na alichotaka ni kuusikia ukiimbwa pamoja na kinanda cha kanisa lake mwenyewe. Sasa alikuwa anarudi kwao kabisa. Duka amefunga, mizigo amefunga, amebakisha Jumapili moja. Watu wakachanga haraka, wazee wengine wakauza mbuzi, nikatumwa Nairobi mimi kwa sababu mimi ndiye mpigaji.

Nikaingia duka moja la vyombo vya muziki mjini. Lilikuwa limejaa vijana wa bendi, nywele zimechanwa vizuri, wananiangalia na sketi yangu ya kanisa. Muuzaji akaniuliza nataka cha aina gani. Nilikuwa nimesikia watu wakisema analogi ina sauti nzito, nikajibu, "Analogi, ya bei nafuu," kama mtu anayejua anachosema. Akabonyeza kibonyezo kimoja. Mwanangu, ile sauti ilitetemesha kioo cha dirisha, na mimi nikaisha hapo hapo. Akanisogezea kiti, akaniambia, "Kaa ujaribu, dada." Nikaona haya. Niliogopa wale vijana watacheka nyimbo zangu za kwaya. Nikabonyeza kwa kidole kimoja tu, nikasema kiko sawa, nikalipa.

Hata hapo ningeweza kujiokoa. Lakini unajua watu wetu na desturi zao. Kitu kikichangiwa na kanisa hakifunguliwi mpaka mchungaji akiombee. Mama mmoja alikuwa ametuma kitambaa cheupe cha kukifunika, nikakifunika, nikakipakata kwenye basi la Namanga hadi Kajiado. Ijumaa na Jumamosi yote kikakaa nyumbani kwa mchungaji, kimefungwa kama bibi harusi, na sisi tunafanya mazoezi bila kinanda huku kinanda kipo. Hakuna mtu aliyesema, jamani, hebu tukiwashe hata dakika moja. Mimi pia sikusema. Nilidhani kukijaribu ni kukosa imani, na hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo.

Jumapili mchungaji akaomba, kitambaa kikatolewa, watu wakapiga makofi. Mama Wairimu akasimama mbele ya kwaya, akainua mkono. Nikaweka vidole vitatu pamoja kama alivyonifundisha, na ikatoka sauti moja. Nikafikiri sijabonyeza vizuri. Nikarudia kwa mikono miwili, vidole vyote, ikatoka sauti ile ile moja. Nikazungusha vifundo, kikalia kama king'ora cha ambulensi, watoto wakaanza kucheka. Kinanda hakikuwa kibovu, na muuzaji hakunidanganya. Kilitengenezwa hivyo, sauti moja kwa wakati mmoja, cha kupigia besi kwenye bendi. Mama Wairimu akanipa ishara nikizime. Wakaimba bila kinanda, na Jumatatu akapanda basi akaenda. Nilipomwona tena ilikuwa ni picha yake juu ya jeneza.

Siku ile ile, nje ya kanisa, Mzee Koinet alinikuta nalia. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe pale soko la Kajiado, na mbuzi wake walikuwa wa kwanza kuuzwa kwa ajili ya hicho kinanda. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai. Nikaitikia, "Iko." Akaniuliza, "Wewe ukinunua ng'ombe, unamnunua akiwa amelala?" Nikasema hapana. "Mimi namwinua. Namtembeza, naangalia miguu yote minne, na mwenye kucheka acheke. Wewe uliangalia mguu mmoja." Kisha akaenda zake.

Sasa wewe, miaka yote hii baadaye, hata huo mguu mmoja hujauangalia. Mwende, kweli? Sikukatazi analogi. Siku hizi za bei nafuu ziko, na ile sauti nzito naijua, bado inanisisimua. Lakini bei ikishuka kuna kitu kimepunguzwa, na ni lazima ujue ni nini kabla ya kulipa. Uliza kinatoa sauti ngapi kwa pamoja. Angalia vibonyezo, vingine ni vidogo vya vidole vya mtoto. Ukipata sauti unayoipenda, kinaihifadhi, ama itabidi upige picha vile vifundo kila siku? Halafu kiache kiwake nusu saa kwenye joto, uone kama sauti yake bado inakubaliana na ya vinanda vingine, maana vya zamani huhama sauti vikipata moto. Na adapta ya umeme iwe yake yenyewe.

Kesho tunaenda Nkoroi mimi na wewe. Utakaa kwenye kiti, mbele ya huyo muuzaji na marafiki zake wote, na utapiga wimbo wa Mama Wairimu niliokufundisha ukiwa darasa la pili, kwa mikono yote miwili. Kikiuweza, lipa, sitasema kitu. Kisipouweza, tunarudi nyumbani na pesa yako, na hutaninunia njiani.

Mungu akubarikie hivyo vidole, mwanangu, na akuondolee haya iliyoniponza mimi. Mama Wairimu aliondoka bila kuusikia wimbo wake na kinanda. Mimi anijalie niusikie kwako, kwa kinanda chako mwenyewe, kabla sijaondoka.