Pete ya Makaa Kwenye Tikiti

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kathonzweni, na nina jambo linaloniuma. Kwenye mtihani niliuliza: kutoka nukta moja nje ya mpira, unaweza kuchora mistari mingapi inayougusa tu bila kuukata? Mwanafunzi wangu Mwende akaandika, "Haihesabiki." Nikampa sifuri. Kwa duara ni miwili, na kwangu mpira ulikuwa duara lililonenepa. Sikumuuliza hata sababu. Sifuri hiyo ikamnyima nafasi kwenye mashindano ya kaunti, ambayo yameshapita.

Siku ya wazazi, mama yake alikuja na tikiti maji kutoka shambani. Mwende akafunga uzi kwenye msumari wa ubao, akaupaka makaa, akanipa ncha. Mama akalishika tikiti kwa nyuma, likiwa mbele ya msumari.

"Mwalimu, msumari ni nukta, uzi ni mstari," Mwende akasema. "Ukaze uguse tikiti, halafu uuzungushe."

Nikauzungusha nikitabasamu kama mjuzi: juu, kando, chini, mpaka nikarudi nilikoanzia. Tikiti likabaki na pete nyeusi, nzima.

Mama Mwende akaniuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, ile miwili yako ni gani hapa?"